Kuandika bembelezi ya fidla na okestra

Bembelezi yangu ya kwanza ilisikika vizuri sana kwenye kompyuta. Siku ya mazoezi na okestra, fidla ya solo ikamezwa tangu mstari wa kwanza. Kosa lilikuwa langu, kwa hiyo hatua ya 3 isome mara mbili.

Hatua ya 1. Imba. Weka fidla pembeni, bembeleza mtoto, hata wa jirani, ujirekodi kwa simu. Utakuta umetumia noti nne au tano tu. Kila ulipovuta pumzi, tia alama. Hapo ndipo upinde utakapogeuka.

Hatua ya 2. Chagua mizani, yaani mpangilio wa mapigo. Wengi hukimbilia 6/8. Si lazima: Berceuse (bembelezi kwa Kifaransa) ya mtunzi Gabriel Fauré iko katika 2/4 na inabembea vilevile. Kinachobembeza ni besi inayokwenda na kurudi.

Hatua ya 3. Isafishie solo njia. Uzi mnene wa fidla, ule wa G, una joto la sauti ya mama, na huko ndiko tunakotaka kuimba. Tatizo ni kwamba viola, klarineti na honi nazo zinaishi mtaa huohuo. Wahamishe. Selo na besi zikae chini. Fidla za okestra zishike noti ndefu juu kabisa. Katikati pabaki wazi. Viola zikibidi kucheza, zidonoe nyuzi kwa kidole, maana sauti ya kudonoa hufa upesi. Kisha wapiga nyuzi wote wa okestra waweke sodino, kile kibanio cha kwenye daraja kinachofifisha sauti, isipokuwa mpiga solo. Yeye atasikika bila kukaza upinde. (Waachie mapigo ya kutosha ya kuiweka na kuitoa. Mikono ni miwili tu!)

Hatua ya 4. Beti la pili libadilishe rangi, si nguvu. Mpe filimbi wimbo, fidla ipambe kwa noti za kugusa uzi bila kuukandamiza. Mimi sivuki mp (sauti ya chini kiasi). Ukifika forte (sauti ya nguvu), mtoto kaamka.

Hatua ya 5. Kumalizia, punguza watu: safu nzima, kisha wawili, kisha mmoja. Noti ya mwisho ya solo ivutwe kuelekea ncha ya upinde, ambako sauti hupungua yenyewe. Na mwombe kondakta asishushe mikono mapema.