Kula bunsik Korea ukiwa na won 5,000 mfukoni

Ukifika Seoul au Busan na pesa ya ufadhili haijaingia benki, harufu ya nyama choma itakuita kila kona. Ipite tu. Migahawa mingi ya nyama haikuuzii sahani ya mtu mmoja. Ukiingia peke yako utalipia ya wawili. Wewe tafuta kibao chenye maandishi haya: 분식. Husomwa bunsik, na ndicho kibao kilichonilisha mwaka wangu wote wa kwanza hapa Busan.

Maana yake ni chakula cha unga. Jina lilishika miaka ya 1960 na 1970, mchele ulipokuwa haba na ngano ya Marekani ikiingia kwa wingi, hata serikali ikawahimiza wananchi wapunguze wali. Siku hizi mchele umejaa, na humo humo ndani utauziwa wali, lakini jina limebaki. Ni vyumba vidogo vya meza nne au tano, wateja wakubwa ni wanafunzi, na nyuma ya sufuria mara nyingi yupo mama mtu mzima. Wakorea humwita imo, yaani mama mdogo au mama mkubwa, dada wa mama mzazi. Nilipojua hivyo nilipumua, maana kwetu pia anayekupakulia chakula huwezi kumwita "wewe". Kama mwenyewe ni kijana, sema sajangnim, mwenye duka, nayo ni heshima.

Anza na kimbap. Ni wali uliopakwa mafuta ya ufuta, ukawekwa mayai, karoti na figili ya njano, kisha ukaviringishwa ndani ya mwani na kukatwa vipande. Ndiyo, mwani, wanaoulima Paje na Jambiani kule Zanzibar wengi wao hawajawahi kuutia mdomoni, huku ndio chakula cha safari za shule. Mviringo mmoja ni won 3,000 hadi 4,000 na ushee, na won 1,000 haifiki shilingi 100 za Kenya. Unashiba.

Halafu kuna tteokbokki (tamka "tokboki"): vipande virefu vya unga wa mchele au ngano, laini na vya kunatanata, vikichemka ndani ya rojo jekundu la pilipili iliyochachushwa. Usiagize ukidhani pilipili ya nyumbani imekuzoesha. Hii ina sukari, inaingia polepole, kisha haitoki. Kumwomba imo apunguze ukali hakusaidii, kwa kuwa rojo limeshapikwa kwenye sinia kubwa tangu asubuhi. Agiza na yai la kuchemsha, uliponde ndani ya rojo, au na twigim: viazi vitamu, ngisi, au tambi zilizofungwa kwa mwani, vyote vimechovywa kwenye uji wa unga na kukaangwa. Aliyekulia kwenye bajia hahitaji kufundishwa. Chovya kwenye rojo, ndivyo wanavyokula wenyewe.

Sasa nguruwe. Sisi Waislamu, na Wasabato pia, lazima tuliseme hili wazi, kwa sababu nguruwe kwenye bunsik hajionyeshi. Kimbap ya kawaida ina ham ndani, na hata ile ya samaki wa jodari wakati mwingine huwekewa. Mandu, zile zinazofanana na sambusa, za mvuke au za kukaanga, karibu zote zina nguruwe, na za kukaanga huenda zimepita kwenye mafuta yale yale ya twigim. Sundae ni mutura kabisa, utumbo uliojazwa damu, Mkenya ataitambua kwa macho, ila utumbo ni wa nguruwe na damu ni yake. Mchuzi wa tambi za ramyeon huwa na unga wa nyama. Weka sentensi hii kwenye simu na uionyeshe kabla ya kukaa: 햄하고 돼지고기 빼 주세요, niondolee ham na nyama ya nguruwe. Pale wanapoviringisha kimbap mbele yako wataiondoa bila neno. Zile zilizokwisha kufungwa kwenye karatasi ya foili ziache. Ujue pia kwamba rojo la pilipili la viwandani mara nyingi hutiwa alkoholi kidogo lisiharibike. Mimi nilipojua niliacha tteokbokki za nje, nikatafuta migahawa ya halali. Kwa walio Seoul, mitaa inayozunguka msikiti wa Itaewon inayo. Wewe amua kwa dhamiri yako.

Ukishakaa, maji ujichotee mwenyewe. Vijiti vya chuma na vijiko vimo kwenye droo ubavuni mwa meza, wengi wetu tumewahi kukaa dakika kumi tukivisubiri. Figili na kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, ni bure, na ukimaliza unaongezewa. Kuagiza ni kwa kikaratasi na kalamu, au mashine mlangoni. Programu ya Papago husoma picha ya menyu na kuitafsiri. Unalipa ukitoka, isipokuwa pameandikwa 선불, hapo unatanguliza. Bakshishi haipo. Kadi mpe kwa mikono miwili, kama unavyompa mkubwa nyumbani.

Vibanda vya barabarani ni hivyo hivyo, ila beba noti. Wakorea hutuma pesa kwenye namba ya akaunti iliyobandikwa kibandani, na mgeni asiye bado na kitambulisho cha ukaazi kwa kawaida hana akaunti. Wakati wa baridi simama kwenye kibanda cha eomuk, samaki wa kusagwa aliyechomekwa kwenye kijiti na kuchemshwa. Busan inasifika kwa hicho. Supu yake unamiminiwa kikombeni bila malipo, na mikono inapata joto. Utakula kwanza, utalipa baadaye, kwa hiyo usitupe vijiti: imo atavihesabu.