Jiko la mtumba la kuchomea nyama kwa gesi: namna ya kulifufua

Majiko haya hushuka bandari ya Dar es Salaam ndani ya makontena, yamebanwa kati ya majokofu na magodoro. Mengine yametoka Uingereza, mengine Dubai, machache Marekani. Muuzaji atakuonyesha mfuniko unaong'aa na magurudumu yanayozunguka vizuri. Mimi huinama kwanza nikatazame tumboni. Jiko la gesi ni njia ya gesi na njia ya hewa, basi. Hizo mbili zikikaa sawa, kutu ya nje ni kazi ya msasa. Zikiwa mbovu, hata ulipake rangi gani utakula mishkaki yenye masizi.

Hatua hizi ndizo nilizomwelekeza shemeji yangu wa Kigamboni, aliyepata jiko la bomba nne za moto lililokuwa limetelekezwa uani kwa mtu karibu na bahari.

Hatua ya 1: Soma kibati kabla ya kutoa hela

Nyuma ya jiko, au ndani ya mlango wa kuwekea mtungi, kuna kibati au karatasi ya gundi yenye maandishi madogo. Ukiona NG au G20, jiko lilitengenezwa kwa gesi asilia ya bomba. Ukiona LP, G30, G31 au namba 28-30/37, ni la gesi ya mtungi kama tunayotumia sisi. La gesi asilia usilikimbie, ila punguziwa bei, maana nozeli zake zote, yaani vile vimidomo vya shaba vinavyotoa gesi kuingia kwenye bomba la moto, zitabadilishwa. Nitaeleza huko chini.

Kisha chukua bisibisi usukume sakafu ya kikasha, lile sanduku linalobeba bomba za moto. Ikitoboka, achana nalo. Na usidanganyike na sumaku: wapo wanaosema stenlesi ikinasa sumaku ni feki. Daraja la 430 ni stenlesi halali na hunasa. Ila kwa sisi wa pwani, 304, ambayo kwa kawaida hainasi, huvumilia chumvi ya bahari vizuri zaidi.

Hatua ya 2: Fungua kila kitu

Piga picha kwa simu kabla ya kufungua. Boliti zilizoganda zimwagie mafuta ya kulainisha kutu, ziache zilale, kesho yake tumia spana ya pete. Plaizi weka mbali. Inakula kichwa cha boliti na kazi ya dakika mbili inakuwa ya kukata kwa grenda.

Hatua ya 3: Osha

Maji ya moto, sabuni ya vyombo, stili waya, na subira. Utando mweusi unaobanduka kama rangi ndani ya mfuniko si rangi, ni mafuta yaliyoungua. Ukwangue wote, la sivyo utadondokea kwenye kuku.

Hapa nina onyo moja. Vikasha na mifuniko ya majiko mengi, hasa ya Marekani, ni alumini ya kumimina. Dawa kali za kusafishia oveni na kostiki soda hula alumini: utaona povu linachemka lenyewe, na alumini inabaki nyeusi yenye vishimo. Hata magadi huichafua. Kostiki iache kwa nyavu za chuma tupu, tena ukiwa umevaa glovu na miwani, na usuuze kwa maji mengi.

Brashi ya waya naikataa kabisa kwa nyavu za kuwekea nyama. Nywele zake hung'oka, hubaki kwenye wavu, na huingia kwenye chakula. Tumia kumbi la nazi. Likilowa kidogo na wavu ukiwa na moto wa wastani, linasugua vizuri kuliko kitu chochote cha dukani.

Hatua ya 4: Regulata na mpira

Tupa mpira wa zamani hata kama unaonekana mzima. Nunua mpya wa gesi, si wa maji, na klipu za kukaza kwa bisibisi.

Regulata iliyokuja na jiko la Marekani haitaingia kwenye valvu ya mitungi yetu. Ondoa yote, pamoja na kichwa chake cha plastiki, uweke regulata ya presha ndogo inayolingana na mtungi wako, iliyoandikwa 28 au 30 mbar (milibari, kipimo cha presha). Majiko ya LP ya Marekani yanafanya kazi kwa takriban mbar 28, kwa hiyo hapo umelingana. Usiunganishe regulata mbili kwenye mpira mmoja, moto utakuwa dhaifu na utahangaika kutafuta ubovu usiokuwepo. Na ile regulata ya presha kubwa, ya majiko ya kupikia pilau la sherehe, isisogee kabisa karibu na jiko hili. Valvu zake hazikuundwa kwa presha hiyo.

Kipande cha shaba kinachounga mpira na bomba kuu la jiko ndicho kitakachokusumbua kukipata. Chukua cha zamani uende nacho kwa mafundi wa Gerezani, Kariakoo, wakuchongee au wakutafutie kinacholingana. Kama mdomo wake ni wa koni, chuma kwa chuma, usiuzungushie tepu. Koni yenyewe ndiyo inayoziba. Tepu ni ya viungo vya uzi wa kawaida, vya kuzungusha kama skrubu, tu, na iwe ile ya njano ya gesi.

Hatua ya 5: Povu

Vitufe vyote vimefungwa, fungua mtungi, pakaza maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Povu likikua, funga mtungi, kaza, rudia. Kiberiti hakipimi uvujaji. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujikusanya kwenye kona, kwa hiyo fanya kazi hii nje, mbali na jiko la mkaa.

Hatua ya 6: Moto

Hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa na kuuza jiko kwa hasara, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Moto mzuri ni wa bluu, umetulia, ncha zake zinaweza kuwa na unjano kidogo. Moto wa njano mrefu unaopaka masizi maana yake gesi ni nyingi kuliko hewa. Moto unaoruka juu ya matundu na kuvuma maana yake hewa imezidi. Moto unaotokea nyuma ya vitufe ni hatari: funga mtungi mara moja.

Jiko la shemeji lilikuwa na bomba moja la njano na jingine lililowaka nusu tu. Tulibadilisha regulata, tukabadilisha mtungi, tukahangaika na valvu mchana kutwa. Tatizo lilikuwa nyigu. Wale wanaojenga kwa udongo wanapenda sana tundu jembamba lenye kivuli, na mdomo wa bomba la moto, pale linapovishwa kwenye nozeli, ndiyo nyumba wanayoitafuta. Buibui nao hufanya vivyo hivyo. Ukichungulia kwa mwanga wa simu unaona bomba liko wazi, kumbe udongo umekaa mbele zaidi, kwenye kona. Kwa hiyo usichungulie, pitisha kitu. Mimi hutumia waya wa breki ya baiskeli uliochanuliwa nyuzi upande mmoja: ingiza, zungusha, vuta, kung'uta, rudia hadi utoke mkavu na safi. Kisha puliza kwa pampu upande wa pili na uhisi kwa mkono kama upepo unatoka matundu yote.

Ukirudisha bomba, hakikisha mdomo wake umeivaa nozeli. Nozeli lazima iwe ndani ya bomba, imenyooka katikati. Ikikaa pembeni, gesi inamwagika nje na ndipo unapopata moto nyuma ya vitufe. Kosa hili halionekani ukiwa umesimama. Piga magoti utazame.

Bomba likishakuwa safi na moto bado ni wa njano, tafuta kidirisha cha hewa karibu na mdomo wa bomba. Ni kipande cha bati chenye skrubu moja. Legeza, ongeza uwazi kidogo kidogo, tazama moto ukibadilika. Majiko mengine hayana kidirisha cha kurekebisha, na hapo usitoboe cha kwako.

Bado ni njano, tena mkubwa wa kutisha? Basi nozeli ni za gesi asilia. Gesi asilia, hii ya Songosongo na Mnazi Bay ambayo baadhi ya nyumba za Dar zimeunganishiwa kwa bomba, ina nguvu ndogo kwa ujazo uleule, hivyo nozeli yake ina tundu kubwa. Kwenye plate ya kawaida ya jiko la ndani, ya kilowati 1.75, nozeli ya gesi asilia huandikwa 97, yaani milimita 0.97, na ya mtungi 65. Tofauti ya milimita 0.32 inaonekana ndogo, lakini eneo la tundu ni zaidi ya mara mbili. Namba hizo ni za mfano tu. Za jiko lako zifuate kilowati za kila bomba kwenye kibati.

Nozeli mpya za shaba zinapatikana kwa wauza vipuri vya majiko. Nenda na ya zamani, kwa sababu nyingi ni uzi wa M6 (unene wa milimita 6) lakini hatua ya uzi, yaani umbali kati ya mzunguko mmoja na unaofuata, ni milimita 0.75 au 1, na ukilazimisha utaharibu valvu. Fundi akikuambia atajaza ya zamani kwa risasi halafu aitoboe kwa sindano, mshukuru uondoke. Tundu hilo likikosea nywele moja, kila bomba litawaka kivyake. Na hata unapozibua nozeli nzuri, usitumie sindano ya chuma. Shaba ni laini, utapanua tundu bila kujua. Kijiti cha meno au uzi wa ndoano ya samaki unatosha.

Kuwasha: mfuniko uwe wazi, siku zote. Moto usipowaka ndani ya sekunde tano, funga, subiri dakika tano gesi iondoke. Kiwashio cha kubofya kikiwa kimekufa, kiberiti kirefu cha gesi kinafanya kazi ileile na sioni sababu ya kuhangaika na kile.

Hatua ya 7: Mabati ya juu ya bomba

Yale mabati yenye umbo la paa yanayozuia mafuta kudondokea kwenye moto huwa yameliwa. Mpe fundi karatasi ya stenlesi ya milimita 1.5 akukunjie. Usikubali bati la mabati ya nyumba: zinki yake ikipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu.

Hatua ya 8: Rangi na wavu

Rangi ya kustahimili joto kali ipake nje tu. Ndani, popote panapopata moshi wa chakula, hapana.

Wavu wa chuma cha kumimina ukishaoshwa kausha palepale, upake mafuta ya kupikia kidogo kabisa, futa kama vile umekosea kuyapaka, kisha uuchome mfuniko ukiwa umefungwa kwa saa moja. Rudia mara kadhaa hadi uwe mweusi unaong'aa.

Ukimaliza kutumia, funga mtungi kwanza, acha moto ufe wenyewe, ndipo ufunge vitufe. Mwaga trei ya mafuta likishapoa. Na kama jiko litakaa wiki kadhaa bila kuwashwa, toa mabomba ya moto, yafunge kwenye mfuko na uyaweke ndani, nyigu wasirudi.