Kipato cha mwenzi aliye Marekani hakitoshi? Namna ya kumtumia mdhamini mwenza, hatua kwa hatua

Hapa Kigoma ndoa za Marekani si jambo geni. Wengi waliopitia kambi ya Nyarugusu walihamishiwa huko, wakapata uraia, na sasa wanarudi kuoa na kuolewa Kasulu, Ujiji na hapa Mwanga. Mimi nawasaidia wenzi wanaobaki huku kuandaa faili la viza. Faili likikwama, mara nyingi limekwama kwenye pesa: aliyefungua kesi, yaani mwenzi aliye Marekani anayekuombea viza, ana kazi, lakini kipato chake hakifiki kiwango. Familia hukaa na kumteua mdhamini mwenza, yaani mtu wa pili anayeahidi kukutunza kwa kipato chake, kwa kuangalia nani anaheshimika. Ubalozi hauangalii heshima. Unaangalia ritani yake ya kodi (taarifa ya kipato na kodi ya kila mwaka) na idadi ya watu anaowalisha.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli unamhitaji

Kama mlikuwa mmeshaoana kabla mwenzako hajaondoka kama mkimbizi, na hajamaliza miaka miwili tangu afike Marekani, mwambie aulizie fomu I-730, ya mkimbizi kumwombea mwenzi wake amfuate. Njia hiyo haidai mdhamini kabisa. Nimeona watu wakihangaika na makaratasi ya kipato huku mlango huo uko wazi.

Kama si hivyo, mtatumia fomu I-864, yaani hati ya udhamini wa kifedha. Aliyefungua kesi anatakiwa awe na kipato cha mwaka kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha Marekani (asilimia 100 kama ni mwanajeshi aliye kazini na anamleta mke, mume au mtoto wake). Kwa jedwali la 2025, kaya ya watu wawili ilihitaji dola 26,437. Jedwali hubadilika kila mwaka na linaitwa I-864P. Tumia la mwaka huu, si lile shemeji alilokutumia zamani.

Kabla ya kulipa ada yoyote, soma tovuti ya ubalozi wa Marekani Dar es Salaam. Tangu Januari 1, 2026 Tanzania imo kwenye orodha ya nchi zilizowekewa vizuizi vya viza, na masharti hayo yanaweza kubadilika. Kama pasi yako ni ya Kongo au Burundi, soma yanayohusu nchi hiyo, maana vizuizi hufuata uraia wako, si mahali unapoishi.

Hatua ya 2: Chagua mtu kwa hesabu

Hapa usiharakishe. Mdhamini mwenza lazima awe raia wa Marekani au mwenye grinikadi (kadi ya ukaazi wa kudumu), awe ametimiza miaka 18, na makazi yake yawe Marekani. Si lazima awe ndugu. Baba mdogo mwenye mitumbwi mitatu Kibirizi hawezi, hata kama uwezo wake unajulikana ziwa zima.

Anza kuhesabu vichwa. Chukua yeye mwenyewe, mke wake, watoto wake wanaomtegemea, halafu kila mtu aliyewahi kumdhamini kwa I-864 ambaye dhamana yake bado inaendelea. Mwisho jiongeze wewe. Tuseme kaka wa mumeo yuko Iowa, ana mke na watoto watatu: hao ni watano, na wewe wa sita. Kwa jedwali la 2025 alihitaji dola 53,937. Kama alimleta mama mkwe wake kwa fomu hiyohiyo, mko saba na kiwango kinapanda tena. Binti mmoja asiye na familia, anayelipwa dola 35,000 kiwandani, anaweza kukufaa kuliko kaka huyo mwenye dola 50,000. Wazee hawapendi kulisikia hili, lakini ndivyo hesabu ilivyo.

Mdhamini mwenza anatakiwa afikie kiwango peke yake. Huwezi kuchukua dola 15,000 za mumeo na 20,000 za rafiki yake ukajumlisha. Kujumlisha kunaruhusiwa kwa ndugu anayeishi nyumba moja na mdhamini, naye hujaza fomu nyingine, I-864A.

Angalia kwa makini madereva wa malori na wa teksi za mtandaoni, kwa sababu watu wetu wengi huko wako kwenye kazi hizo. Dereva atakwambia kwa moyo mweupe kwamba anaingiza dola 80,000. Fungua ritani yake, fomu 1040, uangalie mstari wa jumla ya kipato. Kama anajiajiri, ameshatoa mafuta, bima na matengenezo ya gari, na pale unaweza kukuta 24,000. Namba inayopokelewa ni hiyo ya kwenye ritani.

Na kiwanja chenu cha Ujiji? Mali inaweza kuziba pengo kama inaweza kugeuzwa fedha taslimu ndani ya mwaka mmoja bila hasara kubwa kwa mwenye nayo. Kwa mke au mume wa raia, thamani yake iwe mara tatu ya pengo. Kwa walio wengi wengine ni mara tano. Utahitaji hati, tathmini, na uthibitisho kwamba fedha hizo zinaweza kuhamishwa. Mimi huwashauri watu wasitegemee kiwanja. Duka lako la dagaa nalo halihesabiwi kuwa kipato, kwa kuwa hutaendelea kulipwa nalo ukiwa kule.

Hatua ya 3: Mweleze anachosaini, chote

Usimwambie mtu "ni saini tu, shemeji." I-864 ni mkataba na serikali ya Marekani. Ukichukua misaada ya serikali inayotolewa kwa wenye kipato kidogo, serikali inaweza kumdai yeye airudishe. Wewe mwenyewe unaweza kumshtaki kama huna matunzo. Dhamana inaisha ukipata uraia, ukikamilisha robo 40 za kazi (kama miaka kumi), ukiondoka Marekani moja kwa moja na kuacha ukaazi, au mmoja wenu akifariki. Talaka haiimalizi. Ndoa ikivunjika mwaka wa pili, bado amefungwa. Akihama nyumba, anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 30 kwa fomu I-865.

Mpigie mwenyewe, na mkewe au mumewe awepo kwenye simu, kwa sababu mzigo huu unaingia nyumbani kwao. Akisita, mshukuru na umwache. Anaweza kujitoa kwa maandishi kabla ya viza kutolewa, na ni afadhali akatae leo kuliko kujitoa wiki ya usaili.

Hatua ya 4: Kusanya karatasi zake

Omba ritani ya kodi ya mwaka wa karibuni, au bora zaidi transkripti (muhtasari rasmi wa ritani) kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ambayo anaipata bure. Ongeza W-2 (fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara wa mwaka), slipu za mshahara za karibuni, barua ya mwajiri, na uthibitisho wa hadhi yake: nakala ya pasi ya Marekani, cheti cha uraia au grinikadi pande zote mbili.

Picha za WhatsApp ndizo zinazorudisha faili nyuma. Ukurasa umepigwa juu ya kochi, kivuli cha simu kimeangukia kwenye kiasi, na ukingo wa chini wenye saini umekatwa. Mwambie askani, au atumie programu ya kuskani kwenye simu, kila hati iwe faili moja la PDF. Linganisha pia majina herufi kwa herufi. Waliopita kambini mara nyingi wana jina moja kwenye grinikadi na lingine kwenye pasi ya baadaye. Yakitofautiana, weka hati ya kubadili jina.

Hatua ya 5: Jazeni fomu mbili

Mwenzako bado anajaza I-864 yake, hata kama kipato chake ni sifuri. Hili husahaulika sana, na faili hurudishwa. Mdhamini mwenza anajaza I-864 ya kwake na kuweka alama kwenye kisanduku cha mdhamini mwenza. Toleo fupi la I-864EZ haliruhusiwi hapa. Kila mmoja asaini kwa kalamu. Ada ya kukagua dhamana, dola 120, inalipwa mara moja kwa kesi kupitia CEAC, tovuti ya serikali ya Marekani ya maombi ya viza, kisha mnapakia hati humohumo.

Kwa wachumba wanaotumia viza ya K-1, fomu ya awali ni I-134, na afisa ana uhuru wa kumkubali au kumkataa mdhamini wa pili. I-864 mtaikuta baada ya harusi, kwa hiyo mtu wenu awe tayari tangu sasa.

Hatua ya 6: Usaili Dar

Afisa anaweza kukuuliza mdhamini ni nani kwako, anaishi wapi na anafanya kazi gani. Kama hujawahi kuongea naye, majibu yatakuponyoka. Beba slipu zake mpya. Na kama usaili unaangukia baada ya Aprili 15, siku ya mwisho ya kawaida ya kuwasilisha ritani, mwombe ritani ya mwaka uliomalizika kabla hujapanda treni kwenda Dar, maana afisa anaweza kuidai palepale.