Somo: Namna ya kuichunguza habari ya ajabu ya mnyama

Machi 2020, watu wamejifungia ndani kwa hofu ya korona, ikazunguka picha ya simba akitembea barabarani usiku. Maelezo yalidai Urusi imewaachia simba 500 ili raia wasitoke nje. Simba yule alikuwa wa kweli, na barabara pia. Ila mji ulikuwa Johannesburg, mwaka 2016, na simba aliletwa na watu wa filamu. Kwa hiyo usiishie kuuliza kama picha ni feki. Mara nyingi picha ni halali, maneno ndiyo yamebandikwa.

Hatua ya 1: Ivunje vipande. Mnyama gani, wapi, lini, nani kaona. Kila kipande kisimame chenyewe. Habari inayosema "kijiji kimoja Afrika" mimi huwa siendelei nayo.

Hatua ya 2: Fuatilia asili ya picha. Ihifadhi, kisha itafute kwa Google Lens au TinEye, zana za mtandaoni zinazoonyesha picha ilipowahi kutokea. Kama ni video, isimamishe mahali panapoonekana vizuri, piga skrinishoti, utafute kwa hiyo. Unachowinda ni tarehe ya zamani kuliko zote. Ikiwa picha ilikuwepo kabla ya "tukio", umemaliza kazi. Kagua pia vibao vya maduka, namba za magari na upande wanaoendeshea: Urusi ni kulia, Afrika Kusini ni kushoto.

Hatua ya 3: Je, maumbile yanaruhusu? Hapa ndipo wajuaji wengi huteleza, maana wanakataa kila kitu. Twiga weupe wapo kweli. Tarangire alionekana mmoja, na Garissa, kwenye hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, walikuwepo watatu hadi majangili walipomuua jike na mtoto wake, akabaki dume mmoja; habari hiyo ilitangazwa Machi 2020 na hifadhi yenyewe. Ngozi yao inakosa rangi ya kawaida lakini macho yanabaki meusi, kwa hiyo si zeruzeru.

Hatua ya 4: Shuku maneno "mara ya kwanza". Februari 2019 picha nzuri sana za chui mweusi wa Laikipia zilienea duniani, na vyombo vikubwa vikaandika kwamba hajaonekana Afrika kwa miaka 100. Chui ni kweli, picha ni kweli. Hiyo miaka 100 ndiyo iliyowashangaza Wakenya, kwa sababu wenyeji walikuwa wakiwaona na picha nyingine zilishapigwa kabla. Wahariri wa mbali hawakuwauliza watu wa pale.

MASWALI

*Mkuu, na nyoka wa vichwa saba je?*
Vichwa viwili hutokea, ni kama pacha ambao hawakutengana, na porini mara nyingi hawaishi muda mrefu. Picha ya vichwa saba ikuze uone: vichwa vimefanana mno, ulimi uleule, mwanga uleule. Ni kichwa kimoja kilichonakiliwa.

*Kiboko aliyelelewa na kobe Mombasa nayo ni chai?*
Hapana, hiyo ni kweli. Owen aliokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akapelekwa Haller Park, akamganda kobe Mzee. Ukikuta imeandikwa "kobe mama", hapo ndipo wamechanganya: Mzee ni dume.

*Video za akili mnemba zinatushinda. Tufanyeje?*
Kuhesabu miguu na vidole kulisaidia zamani, sasa hivi kunasaidia kidogo tu. Tafuta shahidi wa pili. Tembo akiingia sokoni kweli, simu zaidi ya moja zitakuwa zimemrekodi, kila moja kwa upande wake.

*Anayetuma kwenye grupu la familia ni baba mkwe. Nitamwambiaje?*
Usimsahihishe mbele ya wakwe zako wote. Mwandikie pembeni: "Shikamoo baba. Ile picha ya simba nimeikuta ni ya Johannesburg, 2016. Aliyekutumia alikuambia kaipata wapi?"