Kupima gari linavyochanganya (linavyoongeza kasi) kwa simu: namba ipi uiamini

Msimu wa korosho ukianza kulipa, huku Mtwara magari hubadilisha mikono, na gereji huletewa swali lilelile: "Fundi, hili linachanganya au ndo basi?" Siku hizi mteja anakuja na jibu lake kwenye simu: sifuri hadi kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 9.87. Programu haioni tabu kuandika desimali mbili wakati kihisi kinachoilisha hakina uhakika hata wa nusu sekunde. Namba hiyo inafaa kulinganisha gari na gari hilohilo, kabla na baada ya matengenezo. Kwa kubishana na katalogi ya kiwanda haifai.

Hatua ya 1: Jua programu yako inapimaje

Ziko zinazotumia kihisi cha mwendo kilicho ndani ya simu. Hizo achana nazo. Ukikanyaga mafuta, pua ya gari hunyanyuka na mkia hukaa. Simu ikiinama nyuzi 1 tu, inahesabu sehemu ya mvutano wa dunia kama mwendo: karibu mita 0.17 kwa sekunde, kila sekunde. Baada ya sekunde 10 imeshakuzawadia kilomita 6 kwa saa ambazo gari halijazikimbia. Ndiyo maana gari lenye springi zilizochoka huonekana jepesi kwenye programu hizi.

Nyingine hutumia GPS. Kwa mawimbi ya setilaiti, hiyo hupima spidi vizuri sana gari likiwa kwenye mwendo, ila simu nyingi husoma mara 1 tu kwa sekunde, hivyo lini hasa gari limeondoka programu inakisia. Vifaa vya kununua kama Dragy husoma mara 10 kwa sekunde, na VBOX Sport ya Racelogic ya Uingereza mara 20. Hapo unaweza kuanza kuamini desimali ya kwanza.

Kuna pia kile kidude cha bluetooth cha ELM327 kinachochomekwa chini ya usukani kusoma kompyuta ya gari. Kinaleta spidi kwa kilomita nzimanzima, na kinaihesabu kutokana na mzunguko wa magurudumu. Gari lililotoka na tairi za 185/65R15 likivalishwa 195/65R15, mzingo umekua kwa asilimia 2, kompyuta ya gari haina habari. Tairi likiteleza kwenye mchanga, hilo nalo linaandikwa kuwa ni mwendo. Magari ya zamani ya soko la Japani mengine hayasomani nacho kabisa.

Mshale wa dashibodi usiutumie. Kwa kawaida viwanda huuacha uzidishe kidogo, usipunguze.

Hatua ya 2: Usianzie sifuri

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Pima kutoka 30 hadi 80. Utata wa kuondoka unaisha, kuteleza kunaisha, na ule ujanja wa Marekani wa kutohesabu futi 1 ya mwanzo haukuhusu tena. Futi hiyo si kitu kidogo: kwa gari la kawaida la familia inakula karibu nusu sekunde. Halafu hufiki 100 barabarani, jambo ambalo askari wa tochi atalipenda.

Hatua ya 3: Chagua barabara

Iwe tambarare, imenyooka, nje ya makazi, asubuhi kabla malori hayajajaa. Usipimie unakoanza kupanda uwanda wa Makonde kwenda Newala. Mteremko wa mita 1 kwa kila mita 100 huuoni kwa macho, lakini gari la sekunde 11 linapewa takriban sekunde 0.4 za bure. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya upepo wa kusi, pima kwenda na kurudi kwenye kipande kilekile.

Hatua ya 4: Usibadilishe kitu

Upepo wa tairi, mafuta kwenye tangi, AC imezimwa, dereva yuleyule. Abiria wa kilo 70 ndani ya gari la tani 1 ni asilimia 7 ya uzito. Shemeji anayetaka kushuhudia abaki kijiweni. Simu ifungwe kwenye kishikio kigumu pale inapoiona mbingu, na uisubiri ikamate setilaiti kabla ya kuondoka.

Hatua ya 5: Soma matokeo

Piga raundi 3 kila upande. Kila upande chukua namba ya katikati, kisha gawanya jumla yake kwa 2. Tuseme kabla ya kubadilisha plagi upande mmoja ulipata 8.1, 8.4 na 8.6, na baada ya hapo 8.0, 8.3 na 8.5. Tofauti ya 0.1 imemezwa na mtawanyiko wa 0.5, kwa hiyo mwambie mteja plagi zake ni mpya, basi. Ikishuka hadi 7.4, 7.6 na 7.5, na upande wa pili nao ukashuka hivyohivyo, hapo koili au plagi ilikuwa inakosa moto kweli, na bili yako ina ushahidi.