Eksirei, Altrasaundi, CT au MRI: Jinsi ya Kuchagua Picha ya Mguu Unaouma

Kabla ya kulipia kipimo chochote, muulize daktari anatafuta nini hasa. Picha ya mguu haichaguliwi kwa bei wala kwa upya wa mashine, bali kwa kile kinachoshukiwa, kwa kuwa mfupa, gegedu (tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo), kano na mshipa wa damu havionekani vyema kwa njia moja.

Aliyeanguka kwenye bodaboda pale Kondele, Kisumu, na kushukiwa kuvunjika mfupa huanza na eksirei, ambayo ni ya haraka na ya bei nafuu. Aliyeteguka kifundo cha mguu huenda asihitaji hata hiyo: ikiwa anaweza kupiga hatua nne, na akibonyezwa mifupa ya kifundo na ya katikati ya wayo haumii, kwa kawaida hajavunjika. Kwa mzee mwenye goti lililochakaa, omba picha ipigwe akiwa amesimama. Uzito wa mwili hubana pengo lililo kati ya mifupa, na hapo ndipo gegedu iliyolika hujulikana. Akipigwa akiwa amelala, goti bovu laweza kuonekana zima.

CT, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili tabaka kwa tabaka, hufaa mfupa ukiwa umevunjika vipande vipande, hasa karibu na kiungo, ili daktari wa upasuaji ajue kila kipande kilipo. Mionzi yake ni mingi kuliko ya eksirei ya kawaida, kwa hiyo isifanywe kwa udadisi tu.

Altrasaundi haina mionzi, nayo, kwa maoni yangu, hudharauliwa bure. Huonyesha maji ndani ya goti, kano zilizochanika na, muhimu zaidi, damu iliyoganda mshipani. Muundi wa mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya upasuaji, kujifungua au kukaa garini kwa saa nyingi, nenda siku hiyo hiyo, kwa sababu bonge hilo laweza kusafiri hadi kwenye mapafu. Mpimaji hubonyeza mshipa kwa kifaa chake: ulio mzima hubonyea ukajifunga, wenye bonge hukataa. Nyonga ya mtoto mchanga pia hupimwa hivi, kwani kichwa cha mfupa wake bado ni gegedu ambayo eksirei haiioni. Ila ndani ya mfupa, altrasaundi haifiki.

Huko ndani ya mfupa ndiko MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku, inakohitajika, pamoja na kano za ndani ya goti ambazo wachezaji wa kandanda hukata. Eneo letu la magharibi mwa Kenya lina wagonjwa wengi wa selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu), na hao wana sababu ya pekee ya kuijua mashine hii. Kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuanza kufa kwa kukosa damu huku eksirei ikionyesha nyonga safi kabisa. MRI hugundua mapema. Vivyo hivyo, maambukizi ndani ya mfupa yanaweza yasionekane kwenye eksirei kwa siku 10 hadi 14 za mwanzo. Hata hivyo, mtoto mwenye homa na kiungo kilichovimba na kuwa cha moto asiwekwe kwenye foleni ya MRI: huenda kuna usaha, na apelekwe hospitali mara moja ili maji ya kiungo yavutwe kwa sindano na kupimwa.

Ukiandikiwa MRI, jiandae kulala bila kutikisika kwa takriban nusu saa au zaidi katikati ya kelele kubwa. Taja kila chuma kilichomo mwilini, hasa kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo. Fundi wa jua kali aliyewahi kurukiwa na kichembe cha chuma jichoni aseme, kwani sumaku yaweza kukisogeza. Vyuma vya kuungia mifupa mara nyingi haviizuii picha, ila huitia ukungu pale vilipo.

Beba picha za zamani, na baada ya kipimo dai picha zenyewe pamoja na ripoti yake, maana daktari wa mifupa atakayekuona Eldoret au Nairobi atataka kuzitazama kwa macho yake.