Dawa mbili kwa mgonjwa yuleyule: linda wiki za katikati

Mimi ni nesi, nimeratibu tafiti za dawa za presha katika kliniki moja ya mwambao. Mpango niupendao kuliko yote ni ule ambao kila mshiriki anatumia dawa zote mbili: nusu yao wanaanza na A kisha B, nusu wanaanza na B kisha A. Mtu analinganishwa na nafsi yake. Umri wake, figo zake, chumvi anayokula, vyote vimo pande zote mbili za mizani, ndiyo maana watu wachache wanatosha. Uhusiano kati ya vipimo viwili vya mtu mmoja ukiwa 0.5 (0 ni kutohusiana, 1 ni kwenda sambamba kabisa), kazi ambayo ingehitaji watu 120 katika makundi mawili ya kawaida inafanywa na 30.

Anza kwa kuuchunguza ugonjwa wenyewe. Uwe wa kudumu na uliotulia: presha, pumu, kipandauso. Malaria haifai, dawa ya kwanza ikishamponya mgonjwa, ya pili itatibu nini?

Sasa mapumziko ya katikati, na hapa usifanye haraka. Dawa ya kwanza isipotoka mwilini, utapima mchanganyiko na kuuita B. Tafuta muda ambao kiwango cha dawa katika damu hushuka kwa nusu, uuzidishe mara tano; kinachobaki ni kama asilimia 3. Amlodipini, mojawapo ya dawa za presha, hushuka nusu kwa saa 30 hadi 50. Chukua 50: mara tano ni saa 250, siku kumi na ushei. Sisi tuliweka wiki mbili, kwani dawa inaweza kuisha kwenye damu na presha bado ikachelewa kurudi ilikokuwa.

Mama mmoja presha yake haikupanda kabisa katika wiki hizo mbili. Nilifurahi, mpaka alipofungua mkoba nikaona kopo la vidonge vya kipindi cha kwanza. Tulimpa vya akiba, asije akapungukiwa. "Mwanangu, dawa nzima niitupe?" Hakukosea yeye, tulikosea sisi tuliomwachia. Tangu hapo nakusanya vidonge vyote siku ya mwisho ya kipindi, navihesabu mbele ya mwenyewe, na kabla ya kutoa dawa ya pili napima kama presha imerudi karibu na ilipoanzia.

Lakini kumwacha mtu bila dawa si jambo dogo. Mwambie waziwazi kabla hajasaini fomu ya ridhaa, tena kwa maneno ya nyumbani. Usimwingize mwenye historia ya kiharusi. Sisi tuliwapima kila baada ya siku tatu, na aliyefika 180/110 alirudishiwa dawa siku hiyohiyo, utafiti baadaye.

Nani aanze na ipi iamuliwe kwa bahati nasibu, katika bahasha zilizofungwa na mtu asiyekutana na wagonjwa. Thamani yake niliiona mwaka tulioanza katikati ya Rajabu: wiki nne za dawa, mbili za mapumziko, na kipindi cha pili kikaangukia Ramadhani. Vidonge vya asubuhi vikawa vya daku, na chakula kikabadilika. Kwa kuwa nusu walikuwa kwenye A na nusu kwenye B, mabadiliko hayo hayakuielemea dawa moja. Hata hivyo vipimo viliyumba, na sasa sipangi tarehe bila kalenda ya Kiislamu mezani.

Lipa nauli kila ziara. Anayeacha njiani anaondoka na ulinganisho wake wote.

Wakati wa kuchambua, chukua tofauti ya kila mtu kati ya A na B, na uhesabu pia athari ya kipindi, yaani mabadiliko yanayoletwa na wakati wenyewe, si dawa. Usianze kwa kupima kama dawa ya kwanza iliacha masalia ili uamue kutupa kipindi cha pili. Njia hiyo ilipendekezwa na mtakwimu Grizzle mwaka 1965, na mwaka 1989 mtakwimu mwingine, Freeman, akaonyesha kuwa inapotosha matokeo. Urefu wa mapumziko uandike kwenye mpango wa utafiti, pamoja na sababu yake, kabla hujapeleka kwa kamati ya maadili.